Simu Ibaki kwa Mwalimu

Wanangu mnaofundisha huku Kabati, na nyinyi wanagenzi mlioletwa juzi kwenye madarasa ya sekondari msingi, mmekuwa mkinijia na swali moja: mtandao utawafaa nini watoto wasiojua kusoma? Utawafaa sana, mradi mwingie nyinyi na mtoke na kitu mkononi. Mtoto wa gredi ya pili hana haja na simu yako. Ana haja na hadithi iliyomo, na ana haja na sauti yako ikimsomea.

Nilistaafu, lakini bado naitwa madarasani, na nikifika huketi nyuma nikasikiliza. Shida ya vitabu vya kiada imepungua. Tangu 2018, serikali ilipoanza kuvinunua moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, watoto wetu wengi wana kitabu cha Kiswahili na cha Hisabati. Kinachokosekana ni kitabu kisicho na maswali mwishoni. Mtoto aliyekuzwa na kitabu cha kiada pekee huchukulia kusoma kuwa ni kazi ya kujibu. Akifika chini ya ukurasa anainua macho kwa mwalimu, anangoja aulizwe. Hajawahi kufunua ukurasa wa pili kwa sababu tu anataka kujua fisi alifanya nini. Na kusoma, wanangu, hukomaa kwa wingi wa kurasa. Mtoto asome leo, asome kesho, arudie hadithi aliyoipenda, aichoke, atafute nyingine. Hizo nyingine zitoke wapi katika shule ambayo hadithi zake zote zinaenea kwenye boksi moja la kadibodi? Hapo ndipo mtandao unapoingia.

Lakini kwanza tukumbuke tulikotoka na vifaa. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 ahadi ikawa vishikwambi, na vikaja kweli: zaidi ya milioni moja, katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Pamoja navyo zikaja projekta na kompyuta ya mwalimu, na kwa sababu ya mradi huo stima ikaharakishwa kufika shule ambazo labda zingeingoja miaka mingine kumi. Kwa hilo nashukuru hadi leo. Lakini mnajua vishikwambi hivyo viliishia wapi katika shule nyingi. Vilifungiwa stoo kwa hofu ya wezi, betri zikafa humo, na watoto waliokusudiwa wakapanda darasa bila kuvishika. Kosa halikuwa la chombo. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwalimu, hatua kwa hatua, Jumanne saa tatu atafanya nini nacho.

Sasa linganisheni na Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioenea nchi nzima kuanzia 2015. Pale kila mtoto wa madarasa ya chini alipewa kitabu cha karatasi, mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo, na kishikwambi akapewa afisa wa kusaidia mtaala. Afisa huyo alipanda pikipiki, akaja, akaketi darasani, akawaita watoto wachache wamsomee, akaandika alichosikia. Lengo lilikuwa wazi: mtoto wa darasa la pili asome sawasawa maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, na 65 ya Kiingereza, kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu. Nimeona madarasa yakibadilika kwa sababu mtu mzima alikuja kumsikiliza mtoto akisoma. Kishikwambi kilikuwa mkononi mwa mkubwa, na mtoto alikuwa na karatasi. Mpango huo ndio ninaowasihi muufuate.

Basi mtaingia wapi? Anzeni na African Storybook. Ni kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa 2014, ikajaribiwa huko kwao, Lesotho, Uganda na hapa Kenya. Humo mna hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kikamba zikiwemo, na zote ni za bure. Leseni yake inamruhusu yeyote kuzisoma, kuzichapisha kwenye karatasi, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha, mradi majina ya waandishi na wachoraji yabaki. Zimepangwa kwa ngazi tano: ngazi ya kwanza ni maneno machache kando ya picha, ya tano ni zile ndefu ambazo mwalimu humsomea mtoto kwa sauti. Msiidharau ngazi ya kwanza hata kwa mtoto wa gredi ya tano. Kama hajui kusoma, umri wake haumsaidii kitu, na aibu ya kushindwa na kitabu kikubwa ndiyo inayomfanya akimbie kusoma kabisa. Mpe hadithi ya ngazi ya kwanza akamsomee mdogo wake wa gredi ya kwanza. Ataisoma kwa fahari, na hakuna atakayemcheka, kwa kuwa anafundisha.

Zipo na nyingine. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa 2015, nayo ina hadithi za Kiswahili. Ubongo wa Dar es Salaam hutengeneza vipindi vya katuni vya Kiswahili ambavyo watoto wa chekechea huvipenda mno. Taasisi ya Kukuza Mtaala, KICD, ina hazina yake ya masomo mtandaoni. Mtazipitia wenyewe.

Linalonitia wasiwasi ni jinsi mnavyochagua. Nimeona mwalimu kijana akifungua tovuti mbele ya darasa, projekta ikiwaka, naye anaisoma hadithi kwa mara ya kwanza pamoja na watoto. Msifanye hivyo. Hadithi nyingi humo ziliwekwa na watu wa kawaida, walimu kama nyinyi, na si zote zilizopitia kwa mhariri. Nyingine zina Kiswahili kibovu. Nyingine zina tafsiri ambayo mtoto wa Matinyani hataielewa hata akiisoma bila kukwama. Isome wewe kwanza jioni, kwa sauti, peke yako. Ulimi wako ukikwama mahali, wa mtoto utakwama zaidi. Ukiona neno lisilotumika huku, leseni inakuruhusu kulibadilisha. Ukiona haina kisa, haina wa kumhurumia wala wa kumcheka, iache hata kama picha zake ni nzuri.

Na hapa natofautiana na wenzangu wanaosema mtoto wa Kitui asome hadithi za mbuzi na mibuyu peke yake. Mtoto ambaye hajawahi kuona bahari ndiye anayestahili kusoma habari za bahari. Ninachotaka ni kwamba katika hadithi kumi azikutanazo, zisikose zile ambamo mama anakwenda na punda kuchota maji mtoni, na nyanya anapika isyo ya mahindi na maharagwe. Ajue kwamba maisha ya nyumbani kwao nayo huandikwa.

Sasa suala la bando na mtandao unaopotea. Nyinyi ni watu wa Kitui, mnalijua bwawa la mchanga. Watu wa mwethya, kikundi cha kusaidiana, hukusanyika, wakajenga ukuta kukata mto wa msimu, ukuta ukiketi juu ya mwamba. Mvua ikinyesha mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Septemba, mto ukiwa mkavu machoni, unachimba kidogo tu na ndoo inajaa. Fanyeni vivyo hivyo na mtandao. Siku mkienda Kitui mjini, au siku mkipata Wi-Fi ya mtu mwema, pakueni hadithi za muhula mzima. African Storybook ina programu ya simu inayokuwezesha kuzihifadhi na kuzisoma bila intaneti. Ipo Kiwix, ambayo hubeba Wikipedia yote ya Kiswahili ndani ya simu, ikasomeka mahali pasipo na mtandao kabisa. Ipo Kolibri, inayoifanya kompyuta moja ivigawie vifaa vingine masomo darasani bila hata megabaiti moja. Ile kompyuta ya mwalimu iliyokuja na vishikwambi, kama bado inawaka, itoeni stoo muiweke kazi hiyo.

Halafu chapisheni. Hadithi za African Storybook huweza kupakuliwa zikiwa zimepangwa ziwe kijitabu: unachapisha pande zote mbili, unakunja katikati, unatia pini mbili. Wino mweusi watosha, na picha watoto watazipaka rangi wenyewe. Nendeni kwa bodi ya shule na kwa wazazi mkiwa na kijitabu kimoja mkononi, msiende na maneno matupu. Mzazi wa Kabati ambaye husita akiombwa pesa za mtandao asioujua, akikishika kile kijitabu na kumwona mwanawe akikisoma, atatoa. Na kijitabu kikichanika kichapisheni tena. Kilichochanika kimesomwa.

Sasa niseme namna ya kusoma, kwa kuwa ndipo wengi wenu mnapoharakisha. Wakalisheni watoto karibu, chini kwenye mkeka kama madawati hayaruhusu. Onyesha jalada, waulize wanadhani kutatokea nini, na upokee kila jibu. Soma mara ya kwanza bila kukatiza. Usisimame kueleza msamiati kila sentensi, maana hapo hadithi hufa. Acha wacheke, acha waogope. Soma mara ya pili, kidole chako kikifuata maneno, nao wakijiunga pale panaporudiwa. Mara ya tatu wasomeane wawili wawili, kitabu kimoja kati yao. Siku ya pili na ya tatu ni hadithi ile ile. Msiogope kurudia, watoto hawachoki upesi kama sisi. Mkipita katikati yao, msikilize mmoja mmoja, na mumwandike: leo fulani amesoma ukurasa mzima, fulani anabahatisha herufi ya kwanza na kutunga neno lililobaki. Huyo wa kubahatisha ndiye wa kukaa naye baada ya uji.

Yupo mtoto mwingine anayetupita bila kuonekana, na ndiye ninayemhofia zaidi. Anasoma upesi, hakosei, na haelewi. Ukimuuliza nani aliyeiba mahindi, anakutazama tu. Huyu mara nyingi ametoka nyumba ambayo Kikamba ndicho kinachozungumzwa kutwa, akaja shuleni akafundishwa kutoa sauti za Kiswahili na Kiingereza. Sera yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, na mtaala wa umilisi ulioanza rasmi 2019 umezipa lugha za asili nafasi yake. Tunachokosa ni vya kusoma. Na hapo African Storybook ina jambo moja kubwa: hadithi ile ile hupatikana kwa lugha kadhaa, picha zikiwa zile zile. Anzeni wiki na ya Kikamba, kisa kimkae mtoto. Katikati ya wiki mpeni ya Kiswahili. Anajua tayari fisi atafanya nini, kwa hiyo akili yake yote inabaki kwa maneno. Kiingereza kije baadaye kwa njia hiyo hiyo. Hapa sokoni Kabati, ambako darasa moja lina watoto wa watu waliokuja kufanya kazi na biashara kutoka kila pembe, Kiswahili ndicho cha kuanzia, na sera inakubali. Lakini ukienda ndani kidogo, Mutonguni au Kauwi, mwalimu anayekwepa Kikamba kwa kuona kinamshushia hadhi anamnyima mtoto ngazi ya kwanza ya kupandia.

Nyumbani nako msikusahau. Mwaka 2020 shule zilipofungwa katikati ya Machi na watoto wengi wakakaa hadi Januari 2021, tulisikia masomo yanaendelea mtandaoni. Yaliendelea kwa wenye simu kubwa. Kwa wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, ilikuwepo Shupavu 291 ya Eneza na Safaricom, iliyotuma maswali kwa ujumbe mfupi, na kulikuwa na masomo ya KICD redioni. Waliosaidika zaidi nyumbani, kwa nilivyoona, ni wale ambao mtu aliketi nao kila jioni. Mpeni mtoto kijitabu aende nacho, amsomee mama akiwa anapika. Mama hata kama hajui kusoma anaweza kusikiliza, na anaweza kuuliza kisha ikawaje. Hiyo peke yake ni kazi kubwa ya ualimu, mwambieni hivyo.

Kuhusu hatari za mtandao kwa watoto sitasema mengi, kwa sababu simu ikibaki kwa mwalimu, nyingi kati yake hazitazuka. Lakini nina neno zito kuhusu nyinyi wenyewe. Acheni kusambaza PDF za riwaya na tamthilia teule kwenye WhatsApp. Hizo hazina leseni ya bure. Assumpta Matei aliyeandika Chozi la Heri, na Kyallo Wadi Wamitila aliyeandika Bina-Adamu!, walikesha miaka kuandika. Mwalimu anayewafunza watoto kwamba kazi ya mwandishi ni ya kunyakua, asishangae watoto hao wasipotamani kuandika. Mtandao una vya bure vya halali visivyokwisha. Chukueni hivyo.

Na nyinyi mliomaliza kidato cha nne, mnaokaa nyumbani mkingoja kuitwa chuo au kwenda chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza, kazi hii ina nafasi yenu, na ndiyo ninayoitamani kuliko zote. Hadithi za Kikamba mtandaoni ni chache mno ukilinganisha na wingi wetu, na zilizopo nyingi ni tafsiri za hadithi za kwingine. Lugha yenyewe si ngeni kwa matbaa. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwa Kivoi, chifu wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya akiwa huku Kitui. Mwaka 1850 Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapishwa Tübingen, Ujerumani. Zaidi ya miaka 170 imepita tangu Kikamba kiingie kitabuni, na bado mtoto wa gredi ya kwanza anaweza kumaliza mwaka bila kugusa hadithi moja ya lugha ya mama yake. John Mbiti, mwana wa Mulango hapa Kitui, aliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1954 alichapisha Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba, na baada ya kuzikusanya ngewa, yaani hadithi, za wazee akatoa Akamba Stories mwaka 1966. Ile ya 1966 ni ya Kiingereza, na si kitabu cha mtoto anayejifunza herufi. Kazi ya kuwaandikia wadogo imebaki, na leo haihitaji meli wala matbaa ya Ujerumani. Inahitaji simu yako na uvumilivu wa jioni kadhaa.

Fanyeni hivi. Mwende wawili wawili kwa wazee, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kurekodi sauti. Ombeni ruhusa kwanza, na mueleze wazi kwamba ngewa yao itasomwa na watu wa mbali. Akikataa, nyweni chai muondoke kwa heshima. Akikubali, msimharakishe wala msimsahihishe. Nyumbani sikilizeni tena, mkaandike kwa sentensi fupi, moja au mbili kwa ukurasa, na msidondoshe zile alama za juu ya ĩ na ũ, kwa maana ni irabu nyingine kabisa na mtoto atapotea. Mashine za akili unde zinazotunga kwa kila lugha zipo, na mtajaribiwa kuziachia kazi. Chochote kitokacho humo kwa Kikamba kisomwe na mzee kabla ya kumfikia mtoto. Wapeni watoto wa gredi ya nne wachore picha. Halafu msomeeni mzee ilivyoandikwa, arekebishe, na jina lake liandikwe kwenye jalada pamoja na lenu kama ameridhia.

Anzeni na akina mama wazee wa upande wa Tulia na Mutonguni, na mwende Oktoba. Mvua ya Novemba ikishashika kila mtu yuko shambani hadi palizi iishe, na hakuna atakayekaa chini kuhadithia kabla ya Januari. Nina daftari langu lenye ngewa nilizoandika nikiwa bado nafundisha, nyingine hazina mwisho. Mwenye mwandiko mzuri aje alichukue.